Duara Moja Juu ya Kaburi

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo umezoea na mkono umeufuata. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa Rubwera, mchana, mvua imefukuza wateja wote. Mezani kuna simu ya mwalimu mmoja iliyotumbukia kwenye ndoo ya maziwa; nimeifungua na kuiacha ikauke. Kiti chako cha plastiki bado kipo pale mlangoni. Watu wanakikalia. Sipendi, ila huwezi kumwambia mteja asimame kwa sababu kiti ni cha marehemu.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya hasira. Nakulilia na nimekukasirikia kwa pamoja, na sijui wenzangu waliofiwa huvitenganishaje. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona nitakutukana, na binti hamtukani baba yake, hata akiwa chini ya udongo.

Habari za nyumbani kwanza. Mama yupo. Anakula, ila anapika kama wewe bado upo, halafu anashangaa ndizi zimebaki. Migomba ya nyuma ya jiko iliangushwa na upepo, kaka Deo akaisimamisha kwa miti. Kahawa imeiva vibaya mwaka huu. Ta Kato, yule jirani ambaye mlikuwa hamsemezani kwa ajili ya mpaka, alilala matangani kwetu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kwenye nyasi chini, akalia kuliko ndugu zako. Nilitaka kumuuliza kama na mpaka umezikwa, nikajizuia. Kijiji kizima hakikushika jembe mpaka ulipozikwa, kama desturi. Hata wale uliokuwa ukiwaita wavivu safari hii walikuwa na sababu.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni kaburi lako, Baba. Kaburi lako na kifua cha Deo.

Wewe ndiye uliyewasagia watu terazo kuanzia Nyaishozi mpaka huku Kyerwa. Nani hakujui? Unamwaga saruji iliyochanganywa na vijiwe, inakauka, inakuwa kitu cha kijivu kisicho na sura. Mwenye nyumba anaanza kununa. Wewe unamwambia asubiri. Unaleta mashine, unasaga, na kile kijivu kinaondoka kama ganda, vijiwe vya ndani vinatokea vyeupe, vyeusi, vyekundu. Ulikuwa ukiyaita maua. Bibi aliyetuzalia wewe aligoma kukanyaga sakafu yako ya kwanza akiwa na miguu yenye matope, akatandika nyasi juu yake kama alivyozoea, ukakaa kwenye kizingiti ukiwa karibu kulia.

Nakumbuka mashine ile kubwa, ya magurudumu, iliyokuwa ikinguruma kama inagombana na nyumba. Ilikuwa inataka maji. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye maji. Nilikuwa nayapandisha kutoka bondeni kwa dumu kichwani, halafu nasimama pembeni na kopo. Ulikuwa unasema: "Mwaga, Koku. Kidogo. Mwaga." Vumbi lilikuwa haliruki. Lilikuwa linageuka uji wa kijivu, unatiririka mpaka nje, na sisi wote tunarudi nyumbani tukiwa tumepakwa uji huo mpaka magotini. Mama alikuwa anatuzuia mlangoni.

Halafu ikaja grenda. Ndogo, ya mkononi, inafungwa nyuma ya bodaboda, inaingia kwenye pembe ambazo mashine kubwa haifiki. Na watu wakaanza kutaka makaburi ya terazo. Kila familia ikitaka kaburi la baba yao ling'ae kuliko la jirani. Grenda ya umeme haimwagiwi maji, labda uwe umechoka kuishi. Kwa hiyo ukasaga kavu. Ile mashine kubwa ikabaki stoo, kuku wakataga ndani yake. Mimi wakati huo nilikuwa shuleni, na sisemi ingekuwa tofauti kama ningekuwepo, maana ulikuwa mbishi na ulikuwa unaipenda grenda yako. Ulisema uji wa mashine kubwa unaficha maua mpaka ukaushe, lakini kwa grenda unaona kazi yako papo hapo.

Unaona vipi? Kwa kupuliza. Unasaga kidogo, unazima, unainama mpaka pua inakaribia kugusa, unapuliza. Vumbi linaondoka na maua yanachungulia. Na mtu akishapuliza, Baba, lazima avute. Hilo hata mtoto mchanga analijua.

Unakumbuka siku niliyokuonyesha kile kigari? Ulikuwa unapiga sakafu kwenye nyumba ya ofisa mmoja hapa Rubwera, ukaja kibandani kuchaji simu na kunywa chai. Nywele nyeupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe. Nikakutania kwamba asubuhi ulikuwa kijana. Nilikuwa natazama kwenye simu habari za vigari vya roboti vilivyopelekwa kwenye sayari ya Mirihi, nikakusogezea uone. Magurudumu sita, hakuna dereva, na mkono mmoja mrefu wenye viungo kama wa mtu. Picha zilikuwa zimeunganishwa zikawa kama video. Mkono ukashuka juu ya jiwe pole pole, ukalisugua kwa brashi, kisha ukaanza kuzungusha meno yake. Ukasaga duara dogo, upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, kina cha kuweka harage moja likachungulia nje. Halafu hewa ikatoka kwenye mtungi wake mdogo, ikapuliza vumbi, na jiwe likaonekana ndani.

Uliweka kikombe chini. Ukasema, "Huyo anasaga kavu. Kafundishwa na nani?"

Nikakueleza kwamba kule hakuna maji ya kumwagia. Na kwamba ngozi ya jiwe imepigwa na upepo na vumbi miaka isiyohesabika mpaka haisemi tena ukweli wake, kwa hiyo wanaosoma mawe wanataka la ndani, ambalo halijaguswa na kitu. Hilo ulilielewa haraka kuliko mimi. Ukauliza mbona ameacha duara moja tu. "Hajamaliza kazi. Mimi nikiacha sakafu hivi, mwenye nyumba ananifukuza na mbwa." Nikasema duara moja linawatosha kulijua jiwe lote. Ukacheka sana, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko. Ulisema ni baridi ya asubuhi.

Ulipopumzika ukauliza nani anakishika. Nikasema watu wako huku duniani, wanatuma maagizo, maagizo yanasafiri dakika kadhaa mpaka yafike, wao wanakwenda kulala na kesho wanakuta picha. Ukafikiri. "Kwa hiyo mwenye kusaga yuko kwake anakunywa chai." Nikasema ndiyo. Ukaitazama chai yako, juu yake kulikuwa na utando wa vumbi lililodondoka kutoka kwenye nyusi zako. Ukasema, "Wana akili hao. Wamepeleka chuma kisicho na kifua."

Ulilisema mwenyewe, Baba. Kwa mdomo wako. Sikukufundisha mimi.

Siku hiyo hiyo nikakupa kipulizio changu cha mpira, kile ninachotolea vumbi kwenye simu. Ukikiminya kinatoa pumzi, ukikiachia kinajivutia chenyewe, wala hakikohoi. Nilikupa kipya, kwenye mfuko wake wa nailoni. Ulikiminya mbele ya uso wangu mara mbili ukinichezea kama mtoto, ukasema, "Mimi nina mdomo," ukakitia mfukoni. Kesho yake nilipita pale kwenye nyumba ya ofisa nikakukuta umeinama, unapuliza kwa mdomo. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nikiusikia msemo huo kwa watu wengine, sikujua unavyouma ukiwa wa nyumbani kwako.

Halafu mwaka ule ukaanza kukonda. Ukawa unapumzika ukitoka kitandani kwenda mlangoni. Tukasema kifua kikuu, ukapimwa, hakikuwepo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulificha mpaka suruali ilipoanza kukuvuka. Siku tuliyokupeleka hospitali ya Nyakahanga, Deo akikushika nyuma kwenye bodaboda usianguke, daktari aliiweka picha ya kifua chako kwenye mwanga. Alizungumza kwa upole. Alisema mapafu yana makovu ya vumbi la mawe, na vumbi hilo likishaingia halitoki. Wewe ukauliza, "Hata kwa maji?" Daktari akasema, "Hata kwa maji, mzee. Maji yalikuwa ya mwanzoni." Ulitikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kosa kwenye kazi ya mwingine.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba vile vigari, vikishasaga, vingine vinalipiga jiwe eksirei kwenye lile duara ili kujua limeumbwa na nini. Nilizima simu. Kule wanalipiga eksirei jiwe. Sisi tulikupiga eksirei wewe tukakuta jiwe. Nilikaa nje ya kibanda mpaka muuza maandazi wa jirani akaja kuniuliza kama nimeibiwa.

Na unajua wanatafuta nini ndani ya mawe yale? Maji. Wanataka kujua kama zamani yalilowa, maana jiwe lililokaa majini hubaki na chumvi na alama ndani yake. Wanasaga kavu, mbali huko, kwenye baridi, ili wapate dalili ya maji yaliyokauka kabla hajazaliwa mtu yeyote. Wewe bondeni kwako maji yalikuwepo.

Hapo ndipo hasira ilipo. Nimeshaisema, sasa naendelea.

Ulivyoondoka unajua mwenyewe. Hukuweza kulala chali, ukafa umeketi, umeegemea kifua cha Mama. Tulikuzika kibanjani, kati ya migomba yako, upande wa chini, karibu na babu. Mganga hajigangi: wewe uliyewang'arishia wenzio makaburi, lako likawa rundo la udongo na msalaba wa mbao. Mama hakulivumilia. Alitaka terazo, kaburi zuri kuliko yote uliyowahi kutengeneza, liwe tayari kabla ya misa ya shukrani. Alisema watu hawatakuja kumkuta fundi amelala kwenye udongo mtupu. Deo akajenga. Akachukua vile vijiwe vyekundu ulivyokuwa ukivigonga kwa nyundo jioni na kuviweka kwenye debe, ukimkataza mtu kuvigusa. Vyote vimeingia kwako. Akamwaga, akasawazisha, akafunika kwa majani ya migomba ili isikauke haraka, kama ulivyomfundisha.

Mimi nikaja Jumamosi ya kusaga. Nilikuwa nimeshamsikia Deo akikohoa asubuhi, akiwa ananawa uso. Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayejifanya anasafisha koo. Nikamwambia usisage kavu. Akasema grenda haitaki maji, dada, unajua. Nikamwambia basi tusugue kwa mkono, jiwe na maji, hata tukichukua mwezi. Akasema misa ni wiki ijayo. Nikamwambia basi liache lilivyo. Akanitazama kama nimemtukania mzazi. "Kaburi la Baba nililiache kijivu? Yeye aliwasagia wote kavu. Mimi nani nimsagie kwa mkono?" Nikakitoa kile kipulizio chako. Tulikikuta kwenye sanduku lako la zana, kimo bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Deo alikitazama, akatabasamu. Na tabasamu lilikuwa lako, Baba, lile lile la kunichezea.

Akafunga leso puani, akawasha. Vumbi likapanda juu ya migomba. Mimi nilisogea, nakuambia ukweli, nilisogea nikasimama upande upepo unakotokea. Akasaga sehemu ndogo karibu na kichwa, akizungusha mkono vile vile ulivyokuwa ukizungusha wewe. Akazima. Akashusha leso, kwa sababu huwezi kupuliza ukiwa na leso. Akapiga magoti, akainama, akapuliza.

Maua yalitoka. Mekundu, meupe, na meusi machache kama mbegu za papai. Deo akasema "Mnaona?" na hakumaliza. Kikohozi kikamkamata pale pale juu yako, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye kaburi, mgongo ukiruka.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Hakuwa anatuona. Alisikia tu. Alitoka na kisu mkononi na maji ya ndizi yamemganda kwenye vidole, akapita katikati ya migomba bila kufuata njia, na uso wake, Baba, ulikuwa uso ule wa usiku wako wa mwisho. Nadhani kwa muda mfupi alidhani ni wewe. Akafika, akakitupa kisu, akakaa juu ya kaburi. Mama yetu, ambaye hata kivuli cha kaburi alikuwa hakikanyagi, akakaa juu yake na kanga yake yote, kwenye lile vumbi jeupe. Akamwambia Deo, "Leka." Hakupiga kelele. "Leka, mwanangu. Acha."

Deo akasema, Mama, nimeanza tu, hata robo bado.

Mama akasogea kidogo akalitazama lile duara. Lilikuwa dogo, kama la kikombe, labda zaidi kidogo. Akaligusa kwa kidole. Akasema, "Tumeshaona alivyo ndani. Yatosha."

Mimi sikuwahi kumweleza Mama habari za kigari. Hajui kama kuna watu wanasaga mawe ya sayari nyingine. Nilienda nyuma ya stoo nikalia mpaka nikatapika.

Kwa hiyo, Baba, hivyo ndivyo kaburi lako lilivyo. Kijivu lote, na duara moja upande wa kichwa. Kwenye misa ya shukrani watu walilitazama wakatazamana. Ta Kato, ambaye mkewe analala chini ya terazo yako inayong'aa kama sahani, alimuuliza Mama kama fundi ameugua. Mama akamjibu kwamba kazi imekwisha. Akaongeza kwamba anayetaka kaburi linalong'aa akalitafutie mtu asiye na kifua. Walidhani ni majonzi yanaongea. Sijui hilo alilipata wapi. Labda ulimwambia mwenyewe, ukiwa kitandani, habari ya kile chuma. Hukuwahi kuniambia kwamba uliendelea kukifikiria.

Na Deo. Najua unasubiri hilo. Nilimpeleka Nyakahanga wiki ile ile, kwa nguvu, Mama akitishia kupanda bodaboda mwenyewe. Picha yake iliwekwa kwenye mwanga ule ule. Vumbi limeanza na kwake. Madoa machache, juu, pande zote mbili. Daktari alisema likiachwa bila kuongezewa huenda atazeeka nalo, na huenda lisitulie, hakuna wa kumhakikishia. Alimwambia aache mawe kabisa. Deo amesema grenda ataiacha, mashine kubwa ya maji hataiacha, kwa sababu hana kazi nyingine na ana watoto. Tumegombana, tumenyamaza, tumegombana tena. Anaacha nusu. Ni mwanao.

Nimewafukuza kuku kwenye ile mashine. Nimeifungua, nimebadilisha swichi na nyaya zilizoliwa na panya, na imenguruma. Sijui kama nilifanya vizuri. Kuna siku naamka nikitamani ningeiua kabisa. Lakini najua nikiiua ataichukua grenda, na mimi nataka achukue ile inayokunywa maji.

Mvua imepungua, naona watu wanaanza kutoka vibarazani. Nimalize.

Nakuahidi hivi. Deo akipata sakafu, popote, Nyaishozi au huku, nitafunga kibanda niende kusimama pembeni na kopo, na nitamwaga. Nitamwaga mpaka anigombeze. Na akifika mahali pa kutaka kuinama apulize, nitamwaga hapo hapo usoni kwake.

Na kuhusu duara lako. Nikija nyumbani Jumamosi nalikuta limefunikwa na vumbi la njiani na majani makavu ya migomba. Mara ya kwanza nilipiga magoti, nikainama, na mdomo ukajikunja wenyewe kupuliza, maana na mimi ni mwanao. Nikajizuia. Nikaenda kuchota maji, nikalowesha kitambaa, nikafuta. Nililiacha likiwa bado na maji juu yake, Baba, na maua yale yaliwaka. Mekundu yalikuwa mekundu kuliko nilivyowahi kuyaona kwenye sakafu yako yoyote, na vumbi halikuruka hata chembe. Yalikuwa yanangoja maji tu.

Lala sasa. Nitakuwa nakufuta kwa kitambaa kilicholowa, maisha yangu yote.

Mwanao, mwenye maji,
Koku